Fundi Aliyeagiza Petroli

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Rugenge, Uvira. Térence Ndayiragije amechuchumaa mbele ya ndoo, chupa tupu ya lita moja mkono wa kushoto, waya wa betri mkono wa kulia, na anasali.

Waya unagusa betri. Pampu iliyofungwa kwenye kipande cha ubao inakoroma, inavuta mafuta kutoka kwenye ndoo na kuyatema ndani ya chupa. "Salamu Maria, umejaa neema..." Midomo inakwenda kwa mwendo uleule, haiharakishi wala haichelewi. Sala ya kwanza inakwisha, ya pili, ya tatu. Chupa inajaa katikati ya sala ya nne.

"Hii iko nakufa," anasema, na kuung'oa waya. "Pompi ya injeksiyo inapashwa kujaza chupa mu Salamu Maria mbili. Mbili na nusu, nitavumilia. Ine? Wapi!"

Mwandishi wa makala haya alicheka. Fundi hakucheka. Saa yake ya mkononi ilivuliwa na mwenye bunduki mwaka 1996. Ya pili ikavuliwa na mwenye bunduki mwingine mwaka 1998. Ya tatu hakununua.

"Sala, hakuna mwenye atakunyanganya," anasema.

Térence ana miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo ameimalizia chini ya magari ya watu. Mrundi wa bonde la Ruzizi, kwao Sange, Mkatoliki wa kuamka na rozari. Siku njema anapata dola mbili. Siku mbaya, na tangu vita vianze siku mbaya ndizo nyingi, anarudi ndani na mikono michafu tu.

Lakini gari linalomtoa jasho asubuhi hii ni lake mwenyewe. Ni Peugeot 504 nyeupe ya mwaka 1975, ya injeksiyo, yaani ya kupuliza mafuta ndani ya injini kwa pampu, aliyoinunua kwa Mgiriki mmoja wa biashara ya pamba alipokuwa anafunga virago. Mjini Uvira 504 zilikuwa nyingi kama kuku, lakini nyingi zilikuwa za kabureta. Ya injeksiyo ilikuwa hiyo, na kila mtu aliijua kwa mlio.

Leo, mwaka 2003, haina mlio. Miaka mitano haijatembea. Wiki tatu sasa fundi anachagua tangi na pampu ya kuifufua, na majirani wanamuona ana wazimu. Magari mangapi mjini hapa yanatembea na bidoni, yaani dumu la plastiki, nyuma ya kiti na mpira mmoja wa kunyonyea? Afunge bidoni, aende zake!

"Batu wanafikiri ni mafuta tu," anasema Térence. "Karbirateri iko kama mbuzi, inakula kile imepata. Injeksiyo iko na kiburi. Inataka uilete mingi, ionje kidogo, ile ingine ikurudishie. Ule mupira wa kurudisha njo retur. Ukikosa retur, pompi inajisukuma yenyewe paka inaungua."

Aliletewa tangi la pikapu, pana, zuri, halina kutu. Alilizunguka siku mbili kisha akalikataa. Mwandishi aliuliza sababu, naye akatazama juu kama mwalimu aliyechoka.

"Weye unatoka wapi? Uvira hakuna muntu anajaza tangi. Ukijaza, wenye bunduki wananyonya. Shiye tunatembea na lita tano. Lita tano mu tangi pana iko kama mate mu sahani. Unapanda mulima, mafuta inakimbilia nyuma, pompi inameza hewa. Basi, umekwama."

Kwa sababu hiyohiyo aliikataa pampu ya kisasa ya kuzamishwa ndani ya tangi. Pampu hiyo hupozwa na mafuta yanayoizunguka, na kwa lita tano itakaa kichwa nje, itaungua kabla ya Kamanyola. Fundi anataka pampu ya nje, ya kufungwa chini kuliko tangi, ili mafuta yaishukie yenyewe.

Amerudi kwenye tangi la asili, jembamba, lenye kina. Tatizo ni kwamba lilitobolewa. Gari lilipoachwa barabarani mwaka 1998, askari walilitoboa chini kwa patasi ili wakinge mafuta.

Kuliziba si kazi ya mchezo, maana tangi la zamani lina mvuke, na mvuke ukiona moto unakuzika. Térence alilijaza moshi wa pikipiki kwa mpira kutoka kwenye ekzosi, muda wa rozari nzima, ndipo akashika moto wa kulehemu. Ndani, pale mpira wa pampu unaponyonyea, akalehemu bakuli la kushikilia mafuta gari linapoinama. Bakuli lenyewe ni la kulia chakula, la askari. Aliliokota ndani ya nyumba yake aliporudi na kukuta milango imechomwa kuni.

"Walikula vyangu ndani yake," anasema. "Sasa linifanyie kazi."

Pampu iliyoshindwa asubuhi hii ilitoka Bujumbura ndani ya boksi jipya, dola thelathini, na herufi za boksi zimekosewa. Iliyobaki ni moja, kuukuu, nyeusi kwa grisi. Aliing'oa kwenye gari bovu la mtu mmoja wa Kamanyola aitwaye Eugène, na badala ya pesa akamtengenezea Eugène mashine yake ya kusaga mihogo siku mbili.

Anaifunga kwenye ubao. Waya unagusa betri. Haikoromi hii, inavuma. Salamu Maria ya kwanza. Ya pili inafika "utuombee sisi wakosefu", na chupa inafurika mpaka kwenye vidole.

Térence anakaa chini kabisa, makalio kwenye udongo. Hatabasamu. "Njo yenyewe," anasema.

Kisha anafanya jambo la ajabu kidogo. Anachana karatasi ya daftari, anadondosha tone la mafuta yaliyo kwenye chupa, na anangoja. Tone linatanda, linafifia, linatoweka. Karatasi inabaki kavu na safi. Anainusa, anaikunja, anaitia mfukoni.

"Esansi inaondoka," anaeleza. "Petroli inabakisha mafuta mu karatasi. Miaka tano sasa, gari ya muntu yeyote, simwagi kitu bila karatasi."

Hapa msomaji wa Kigoma au wa Dar es Salaam ashike neno, asije akapotea. Kwake yeye petroli ndiyo inayoendesha gari. Uvira sivyo. Uvira inayoendesha gari ni esansi. Petroli ni mafuta ya taa, ya kuwashia koroboi. Mtoto wa miaka minne wa Rugenge anajua tofauti hiyo.

Ilikuwa Agosti 1998, siku vita vya pili vilipoingia mjini. Mke wa Térence, Inamahoro, alishikwa na uchungu alfajiri. Walikuwa wamengoja mimba hiyo miaka tisa. Wakunga wa mtaani walikuwa wamekimbilia milimani, hospitali haikuwa na mtu, na shangazi yake Térence aliyejua kuzalisha alikuwa Sange, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Risasi zilikuwa zinalia upande wa bandari.

Gari lilikuwa na mafuta kidogo mno. Térence alikuwa chini yake, anakaza mpira wa pampu uliokuwa unavuja, uso na mikono vimelowa. Jirani yao, Mama Capitoline, aliuza mafuta kwenye meza yake barabarani, hatua ishirini. Alileta bidoni la lita kumi na tano, akalimimina mwenyewe kwenye tangi, wakaondoka.

Walipita Kiliba. Katikati ya mashamba ya miwa gari likaanza kukohoa na kutoa moshi mweupe, kisha likazima. Térence alifungua mpira, akanusa, akajua. Lilikuwa limejaa mafuta ya taa.

Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, mlango wazi. Alikuwa wa kike. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, na baba yake, anayejua kufungua injini gizani, hakujua la kufanya. Aliishi mpaka adhuhuri. Mama yake alimpa jina Niyonkuru, wakamzika kando ya mfereji wa miwa, wakamalizia njia kwa miguu.

"Yule mama alituuzia petroli mu nafasi ya esansi," anasema Térence, akikusanya spana zake. "Alitaka faida. Mutaa yote inajua."

Kweli, mtaa wote unajua. Mwandishi alipouliza njia ya kwenda kwa Capitoline, mtu wa kwanza alitema mate, wa pili akauliza, "Yule mwenye aliua mutoto?"

Mama Capitoline ana miaka sitini na mitatu. Hauzi tena mafuta. Anauza chumvi kwa kijiko na sabuni kwa kipande, mbali na Rugenge, huko Nyamianda alikohamia, kwa watu wasiomfahamu. Chini ya meza yake kuna bidoni mbili kuukuu, moja ya njano na moja ya bluu. Siku hizi anachotea maji ya ziwa.

"Minye nilikuwa nauzisha bintu mbili," alisema. "Esansi mu bidoni ya njano, petroli mu bidoni ya bluu. Miaka kumi na moja, sijachanganya hata siku moja. Muntu akiomba esansi, namupa esansi. Akiomba petroli, namupa petroli. Ile siku fundi aliita kutoka chini ya gari: Mama Capitoline, leta petroli yote uko nayo, umwage! Nikaleta petroli. Kwanza nilifikiri ni ya taa za safari. Kisha akanionesha tangi na mukono yake. Muntu fundi, minye mama wa meza, nitamufundisha gari?"

Amewaambia watu hivyo miaka mitano?

"Nimesema paka ulimi umechoka. Yeye ni fundi, tena amezika mutoto. Minye niko nani? Wali-" Alipanga vipande vya sabuni vilivyokuwa vimeshapangwa. "Watoto walitupa mawe ku bati yangu. Bwana yangu alikufa mwaka ule ungine. Ku kilio walikuja batu sita."

Kisha akauliza: "Mama Niyonkuru, iko namna gani?"

Ndivyo anavyomwita Inamahoro, kwa jina la mtoto aliyeishi nusu siku. Mjini kote, alisema baadaye Inamahoro mwenyewe, ni Capitoline peke yake anayemwita hivyo. Wengine wanaona ni mkosi.

Ni neno la fundi na neno la muuza mafuta, na mwandishi wa habari hapaswi kuchagua. Lakini kuna jambo dogo. Kati ya vita vya kwanza na vya pili Térence alikuwa mkimbizi. Alivuka ziwa Oktoba 1996, akafanya kazi gereji moja ya Kigoma mwaka mmoja na zaidi, akarudi mapema 1998. Na Kigoma, msomaji anakumbuka, gari linatiwa nini?

Inamahoro alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Ni mwanamke mrefu, mpole wa sauti, na hajawahi kukanyaga ndani ya lile gari tangu siku ile. Mume wake anapolisukuma kulitoa kivulini, yeye huzunguka nyuma ya nyumba. Térence ana shauku moja tu duniani, na haifichi: kumrudisha Inamahoro kwenye kiti cha gari lile, ampeleke Kiliba, kwenye kaburi ambalo hawajaliona pamoja tangu walizike. Ndiyo sababu ya tangi, ya pampu, ya wiki tatu.

Mwandishi alimuuliza kama sasa atapanda.

"Umetoka kwa Capitoline," alisema Inamahoro.

Ndiyo.

"Minye nilikuwa mu gari, ku kiti ya nyuma. Uchungu ilikuwa imeniacha kidogo. Nilisikia na masikio yangu." Aliokota jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Térence alisema petroli. Ile lugha ya Kigoma ilikuwa haijamutoka mu kinywa. Ilikuwa nakosea kila siku, tulikuwa tunamucheka. Ile siku hakuna mwenye alicheka."

Kwa nini hakusema?

"Ilikuwa analia. Usiku analia, muchana analia. Muntu nalia, utamuongezea? Nikasema, atasema mwenyewe kesho. Kesho ikakuwa mwezi. Mwezi ikakuwa mawe ku bati ya mama wa batu. Na minye pia nilinyamaza, andika ile. Nilipita mbele ya meza yake, nikaangalia chini." Alisimama na ungo wake. "Yeye iko nahesabia pompi Salamu Maria. Kwa padri kuungama, hapana. Mwambie: minye sipandi mu gari yenye imejaa uongo. Afunge pompi ya dhahabu, sipandi."

Haikuhitajika kumwambia. Térence alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na tangi begani, na alikuwa amesikia yote.

Alilishusha tangi taratibu. Muda mrefu alikuwa anafuta mahali palepale kwa kitambaa.

"Nilijua pale pale mu miwa," alisema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Niliponusa tu. Nikajisikia: leta petroli. Nikasikia sauti yangu. Lakini mama yake ananiangalia, mutoto iko mu mikono... nikasema, Capitoline! Likatoka lenyewe. Neno ikitoka, muandishi, haina retur."

Inamahoro alikuwa ameshaingia ndani.

Kuna watu watakaosema fundi huyu ni mtu mbaya. Mwandishi amewaona wabaya katika vita hivi, na wengi wao wanalala vizuri. Lakini ubaya wa mtu mwema unauma zaidi, kwa sababu analijua jina lake. Miaka mitano Térence alipima mafuta ya mji mzima kwa karatasi, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye mafuta.

Kesho yake, saa nne, alinawa, akavaa shati la kanisani, akatembea kwa miguu mpaka Nyamianda. Mwandishi alimfuata kwa ruhusa yake. Capitoline alipomuona alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mama," alisema Térence kwa sauti ya chini, amepiga goti moja. "Nimekuja kukuomba musamaha. Ile siku ni minye nilisema petroli."

"Sikusikia."

"Ni minye nilisema petroli, mama."

"Sikusikia, fundi. Kuniita mwizi, uliita barabarani, Rugenge yote ikasikia. Musamaha unanipa mu sikio?"

Térence alisimama. Ilikuwa saa ya soko, njia imejaa watu, na mishipa ya shingo yake ilitoka.

"Minye njo niliomba petroli!" alipaza sauti. "Petroli! Minye Térence, fundi wa Rugenge!"

Watu waligeuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza nyanya ng'ambo ya njia akamwonea huruma mtu huyu anayepiga kelele, akanyoosha mkono. "Petroli iko kwa Bernardine, baba! Kule chini, meza ya tatu!"

Hakuna aliyecheka. Capitoline alijifunika uso kwa kitenge, na Térence akasimama palepale katikati ya njia, mikono inaning'inia. Ilibidi aeleze tena tangu mwanzo, kwa muuza nyanya, kwa vijana wa mikokoteni, kwa kila aliyesimama. Alitaja miwa. Alitaja mtoto. Alitaja jina la Capitoline mara nyingi. Wengine walitikisa kichwa na kuondoka, maana biashara zao zilikuwa zinawangoja, na msiba wa 1998 kila nyumba ina wake.

Alipomaliza, mama yule alifuta macho.

"Musamaha nitakupa, baba," alisema. "Minye ni mukristo. Lakini ile miaka tano, weye utanipa? Batu sita ku kilio ya bwana yangu, utaniletea wengine leo?"

Térence alikuwa na ombi moja tu.

Alitaka mama yule apande gari waende wote Kiliba Jumamosi, akaone kaburi. Capitoline alikataa papo hapo. "Minye mu ile gari? Hapana. Siku ile nilimwaga na mikono yangu hii. Sikujua, lakini ni mikono yangu."

Jana tangi lilifungwa. Pampu ya Kamanyola imekaa chini yake, mpira wa kwenda na mpira wa kurudi, lita tano za esansi zilizopita kwenye karatasi. Injini ilikohoa mara tatu, ikashika. Rugenge ilitoka nje kusikiliza mlio ule. Térence alisikiliza pampu tu, mkono juu ya tangi.

Inamahoro alitoka ndani na ufagio. Akafungua mlango wa nyuma, akafagia kiti kile kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji, kisha akakaa. Alikaa kama mtu anayepima maji kama ni moto. Kwenye kiti cha mbele, pembeni ya dereva, aliweka kitenge chake kilichokunjwa.

"Kile kiti ni cha Capitoline," alisema.

Térence alimkumbusha kwamba mama yule amekataa. Mpango wake, alisema, ni kupita Nyamianda Jumamosi saa moja asubuhi, asimame mbele ya nyumba yake, apige honi. Asipotoka atangoja kidogo, halafu wataondoka kabla jua halijapanda.

"Utazima gari," alisema Inamahoro kutoka nyuma. "Utashuka, utakaa ku mulango yake, utangoja. Yeye alikungoja miaka tano."